Dakika Nne za Mkanda wa Saba

4 Mei

Kaka yangu,

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unasema "niko kazini" kwa sauti ya mtu anayeumwa na meno ya bandia anayoyatengeneza mwenyewe. Barua huwezi kuikata katikati.

Ni hivi. Tarehe 20 Julai baba anatimiza miaka themanini. Nilipanda juu ya kabati la chumbani kwao kutafuta mashuka ya wageni, nikakuta ile mikanda yetu ya video, yote kumi na mmoja, ndani ya boksi la viatu vya mama. Imeota ukungu mweupe, mingine zaidi, mingine kidogo. Mashine yetu ya kuichezesha ilishakufa zamani, kwa hiyo nimeipeleka kwa fundi mmoja anayehamisha mikanda kwenye diski. Yuko ghorofani, juu ya duka la miwani. Ana maneno mengi lakini mikono yake misafi. Alinipa fomu, nikaijaza palepale juu ya kaunta. Unanijua mimi na fomu: miaka kumi na mitano ya kuita majina darasani si mchezo. Atachambua, aondoe yasiyo na maana, atupe diski nzuri za kuangalia siku hiyo sebuleni, sote.

Hilo neno "sote" nimelipigia mstari. Hujakanyaga hapa tangu tulipomzika mama, na huu ni mwaka wa tisa. Baba anakuulizia. Hakutaji kwa jina, lakini kila gari likisimama nje anauliza ni la nani. Macho yake sasa yanaona kivuli tu. Anasema anataka ukae karibu naye diski zikichezwa, umsimulie kinachopita, kwa sababu wewe ndiye uliyepiga.

Njoo, Kaka. Damu nzito kuliko maji.

Mdogo wako,
Chiriku

*

15 Mei

Chiriku,

Barua yako imenikuta nina nta vidoleni, mbele yangu taya la juu la bwana mmoja anayetaka meno meupe kuliko ya mkewe. Nimeisoma nimesimama.

"Damu nzito kuliko maji," unaniambia mimi. Mimi na mzee wako hatuna damu. Niliingia nyumba ile nina miaka mitano, nimeshika sketi ya mama, na wewe ulikuwa bado tumboni.

Hiyo mikanda naijua, maana yote nimepiga mimi. Kamera iliponunuliwa nilikuwa na miaka kumi. Mzee alinivika shingoni mbele ya wageni akasema, "Kijana huyu ana mkono mtulivu, kazi hii ni yake." Watu wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba anayeshika kamera haonekani. Wewe unapanda baiskeli, wewe umeng'oka jino, mama anacheka, mzee anapokea wageni. Mimi siko popote. Na mikanda ile ilikuwa ikitumwa kwa wazazi wake wakaione, halafu inarudi. Kule hakuna aliyejua kwamba mke wa mtoto wao alikuja na mtoto wake mkononi. Mzee wako alinificha mchana kweupe, na mimi mwenyewe ndiye niliyemsaidia kazi.

Isipokuwa siku moja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa uani, karibu na kamba ya nguo, nimevaa fulana ya mistari ya kijani. Mama alikuja akijifuta povu la sabuni, akasema, "Leo nipe mimi, nikupige wewe." Hata kuishika hakujua. Akawa anapiga na kuongea nami. Aliniambia kitu, Chiriku. Nakumbuka nilivyoziba uso. Nakumbuka jua na harufu ya nguo mbichi. Maneno yenyewe yamepotea, na nimeyatafuta miaka thelathini. Sina picha yangu ya utotoni hata moja. Sina sauti ya mama akisema nami, ila hiyo iliyomo humo. Nadhani ni mkanda wa saba, wenye karatasi ya bluu.

Nitafutie hicho kipande tu. Nikikipata, tarehe 20 nitakuja, nitakaa karibu na mzee na kumsimulia chochote anachotaka, mpaka rangi za mapazia. Bila hicho usinihesabu.

Kaka

*

17 Mei

Kwa Mwalimu, mteja wangu,

Kazi imekwisha. Diski tatu ziko tayari, zina vifuniko na karatasi yenye anwani yangu, usije ukanisahau ukipata harusi.

Nimeondoa kama ulivyoagiza: dakika kumi na tisa za dari (mtu alisahau kuzima), miguu ya meza, mbwa asiye na mwenyewe, na magari yaliyopita barabarani. Nilifuata orodha yako ya wanaotakiwa kubaki. Uliandika Baba, Mama, Mimi, na paka mweupe. Wote wamebaki, paka hasa, alikuwa na maringo. Katika mkanda wa saba kulikuwa na dakika nne za kijana wa fulana ya mistari uani, kamera inayumba kama imeshikwa na mlevi. Hayumo kwenye orodha. Nikajua ni mtoto wa jirani, nikamtoa.

Mikanda yenyewe nimeichoma jana, kama ulivyotia sahihi. Ukungu huambukiza mashine, na mimi sikai nao chumba kimoja.

Nina neno moja la nje ya kazi. Ukiacha hizo dakika nne, aliyepiga mikanda hii ana mkono wa ajabu. Watu wazima huja hapa na harusi zinazotapisha. Huyu hatikisiki. Kama yuko hai, mfikishie salamu zangu.

Fundi wa Kanda,
juu ya duka la miwani

*

26 Mei

Fundi,

Barua yako na ya kaka yangu zimefika siku moja, na niliifungua yako kwanza. Laiti ningeanza na nyingine, ingawa najua isingebadilisha kitu.

Yule si mtoto wa jirani. Ni kaka yangu, na ndiye aliyepiga mikanda yote. Nilipokuwa naandika orodha pale kaunta, nilifumba macho nikaipitisha mikanda kichwani, nikaandika kila niliyemwona. Yeye sikumwona. Nataka kukuambia kwamba sikumsahau, lakini nimekaa na hilo neno siku nzima na sijui lingeitwaje vingine. Paka nilimkumbuka.

Tafadhali tafuta kwenye kompyuta yako. Tafuta kwenye vitu ulivyofuta. Tafuta hata picha moja.

Nitakueleza kwa nini, kwa sababu wewe hutujui, na ninaomba ibaki kwako. Siku ile nami nilikuwa uani. Nilikuwa na miaka saba, nimejificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, ninalamba sukari ya kuiba. Nilimsikia mama. Alimwambia, "Mwanangu, usimchukie baba. Kamera si yeye, ni mimi. Yeye alitaka ukae mbele kabisa, wakuone. Mimi ndiye niliyeogopa wakwe wakijua watasema urudishwe kwa bibi yako, nikamwomba akupe kamera. Nisamehe." Baadaye mama aliniona miguu chini ya shuka. Akanishika sikio, akasema nikilitoa neno lile hatakaa anisamehe. Sijalitoa mpaka leo.

Kaka anamchukia baba kwa jambo la mama. Baba amelibeba miaka yote bila kujitetea. Mimi sikujua kama kamera ilinasa maneno yale, mpaka kaka aliponiandikia. Mkanda ungemwambia kwa kinywa cha mama mwenyewe. Mimi nikimwambia, nitakuwa mtoto wa baba anayemtetea baba yake.

Nijibu haraka.

Mwalimu

*

30 Mei

Mwalimu,

Nimetafuta siku tatu. Hakuna. Mashine yangu ina nafasi ndogo, kazi ikiisha nafuta ili nyingine iingie, na juu ya kazi yenu zimeshapita harusi mbili na mahafali ya wauguzi. Kilichochomwa ndicho kilichokuwa na kila kitu.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili na sijawahi kujisikia hivi. Fomu ni yangu, mimi ndiye niliyeibuni, nikaona ni ujanja mkubwa. Uliyoniambia yanabaki hapa.

Usimfiche kaka yako. Njia ya mwongo fupi.

Fundi

*

4 Juni

Kaka mpendwa,

Samahani kwa kukawiza jibu, mitihani imenibana mpaka nalala na kalamu nyekundu sikioni.

Nina habari mbaya kidogo. Mkanda wa saba umeliwa na ukungu, hasa pale ulipopataja. Fundi amehangaika, akasafisha kwa dawa, ikashindikana. Ameumia kweli, masikini, ni mtu mzuri. Nakutumia diski zote tatu ili nawe uwe nazo. Utamwona mama anavyocheka kwenye ile ya pili, utafurahi.

Najua ulisema bila kile kipande usihesabiwe. Mimi nimekuhesabu. Chumba chako nimekipaka rangi. Baba ameuliza kama bado unakunywa chai bila maziwa, nami bila kujua nikasema ndiyo.

Njoo tu, Kaka. Mengine tutaongea ukiwa hapa.

Chiriku

*

14 Juni

Kwa Fundi wa Kanda,

Nimepata anwani yako kwenye kifuniko cha diski. Mimi ni kaka wa yule mwalimu. Ni fundi pia, wa meno ya bandia, kwa hiyo niruhusu niongee kama fundi na fundi.

Dada anasema mkanda wa saba uliliwa na ukungu. Nimeangalia diski ya pili mara nne. Mkanda wa saba umo. Chiriku yuko kwenye baiskeli, halafu yanatokea mashuka kwenye kamba kwa sekunde moja, halafu ghafla wageni wamekaa sebuleni. Picha ni safi pande zote mbili, haina doa. Katika kazi yangu, pengo la jino lililooza na pengo la jino lililong'olewa hayafanani, na mtu wa kazi hadanganyiki.

Niambie kilichokuwa katikati, na nani aliyesema kitoke. Kama sauti ipo mahali popote, hata bila picha, nitaifuata kwa miguu.

Fundi wa Meno

*

20 Juni

Fundi mwenzangu,

Nimeitupa mara mbili karatasi ya barua hii. Umeuliza swali la kazi, nami nakujibu ya kazi.

Hapakuwa na ukungu pale. Nilikitoa mimi, kwa mkono wangu. Fomu yangu humwuliza mteja nani abaki. Dada yako aliandika Baba, Mama, Mimi, na paka mweupe. Wewe nilikudhania mtoto wa jirani. Baadaye mkanda ulichomwa, kwa sahihi yake na kiberiti changu. Hajafanya kwa ubaya. Aliponiandikia kunibembeleza nikitafute, barua yake ilikuwa na matone.

Sauti sikuisikia. Naendesha mashine tatu kwa pamoja, na mkanda haukimbizwi: wa saa mbili unakula saa mbili. Nikiziacha sauti zote tatu, chumba kinakuwa soko. Kwa hiyo nazizima, natazama picha tu. Nitakupa nilichokiona.

Kwanza ni udongo na vidole vya mguu, vya mwanamke. Kisha picha inapanda, upo wewe. Unacheka, unajificha nyuma ya shati lililoanikwa, unachungulia. Mara unaacha kucheka. Unasikiliza. Unaziba uso kwa mikono miwili na unakaa hivyo muda mrefu, na kamera nayo imeacha kuyumba, kama anayeishika amezuia pumzi. Halafu unashusha mikono. Unakuja mbele, moja kwa moja, mpaka mistari ya fulana ikajaza kioo chote, kisha giza. Nadhani ulimkumbatia. Giza lile lilikaa karibu dakika nzima, na kwenye giza lile ndipo nilipobonyeza kitufe cha kutoa.

Niwie radhi. Sina kingine.

Fundi wa Kanda

*

27 Juni

Chiriku,

Paka yumo.

Nimeandika maneno hayo mawili nikaenda kunawa uso, nikarudi. Nilitaka barua iishie hapo lakini ungewaonyesha watu ukasema kaka amerukwa na akili.

Fundi amenieleza yote. Mzee wako alihitaji kamera ili nisionekane. Wewe ulihitaji kalamu tu, na hukuhitaji hata nia. Nimekubeba mgongoni wewe. Nimekufundisha ile baiskeli unayoringa nayo kwenye diski ya pili, nikikimbia nyuma yako na kamera begani. Nani unadhani alikuwa anahema kwenye ile sauti?

Hayo ningeyameza. Mtu husahau. Lakini ulikaa kitako ukaniandikia uongo wa ukungu, ukauwekea na dawa ya kusafishia, na habari za chai yangu. Uliniona mjinga pia.

Usinipakie rangi chumba. Sina chumba pale.

Kaka

*

3 Julai

Kaka,

Kila ulichosema ni kweli na sina utetezi. Nilidanganya kwa woga. Niliona aibu ya ile orodha, nikataka ukungu uibebe.

Sasa nitakuambia jambo ambalo nimelificha miaka thelathini, na ninaomba ulisome mpaka mwisho kabla hujatupa karatasi. Siku ile nilikuwa uani, nyuma ya mashuka. Nilimsikia mama. Maneno unayoyatafuta ninayo mimi.

Alikuambia usimchukie baba. Alikuambia kamera ni yeye aliyeomba upewe, si baba. Baba alitaka ukae mbele kwenye kila mkanda, wazazi wake wakuone, watakaosema waseme. Mama aliogopa watamlazimisha akurudishe kwa bibi, na wewe ulishawahi kukaa huko ukarudi mbavu nje. Akaona bora ubaki ndani ya nyumba bila kuonekana kuliko uonekane na kuondolewa. Akamwomba baba aseme mbele ya watu kwamba kakuchagua yeye, una mkono mtulivu. Halafu uani akakuomba msamaha. Ndipo ukaziba uso.

Mama aliniona, akanifunga mdomo. Ndiyo sababu nimenyamaza, hata pale makaburini, siku ya kumzika mama, ulipomwambia baba kwamba alikuficha. Nilimwangalia akiyapokea na sikusema kitu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata orodha.

Leo asubuhi nimemuuliza baba kwa nini hakujitetea siku ile. Alisukuma kikombe cha chai pembeni. Akasema, "Mama yenu mwacheni apumzike." Basi.

Kama huniamini mimi, mwandikie fundi. Nilimweleza maneno haya haya tangu tarehe 26 Mei, kabla wewe na mimi hatujagombana.

Sikuombi unisamehe mimi. Njoo ukae na baba saa moja tu. Siku zake si nyingi, Kaka, na makosa anayolipia si yake.

Chiriku

*

10 Julai

Mwalimu,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Nimesoma tena na tena nikitafuta pa kukuamini, maana nilitaka sana uwe na maneno ya mama. Ungeniambia jambo lolote lingine ningekuamini, hata baada ya ukungu.

Lakini angalia ulichonitumia. Mwezi uliopita ulidanganya kwa sababu uliona aibu. Mwezi huu mzee ana siku kumi afikishe themanini na kiti kimoja kitakuwa kitupu, na ghafla unakumbuka neno la miaka thelathini, na neno lenyewe linamsafisha yeye kwa kumpaka mama. Mama ambaye hawezi kujibu. Ungesubiri hata wiki, ungenipa shida ya kufikiri.

Nimuulize fundi nini? Fundi alizima sauti. Anayoyajua ni yale uliyomwambia wewe.

Fundi ameniambia alichokiona kwa macho yake, na yeye hana baba humo. Anasema niliziba uso, halafu nikashusha mikono, nikaenda nikamkumbatia, tukakaa hivyo dakika nzima. Nina watoto wawili, mmoja sasa ana miaka kumi na miwili. Ningemwambia kwamba mimi baba yake ndiye niliyemficha watu wasimwone, asingekuja kunikumbatia. Angekimbia akalale kwa jirani. Kwa hiyo alichoniambia mama hakikuwa hicho. Kilikuwa kitu cha kumkimbilia mtu nacho.

Mkanda ungekuwepo tungeubishania nini? Tungekaa sote watatu tukausikiliza. Uliuchoma wewe, na sasa unataka nikusikilize wewe badala yake.

Nilikuwa na mama mmoja ndani ya nyumba ile. Sasa mnamtaka naye. Usiniandikie tena.

Kaka wa mama mmoja

*

15 Julai

Kwa kijana wangu, fundi wa meno,

Anayeandika ni muuguzi anayekuja kunipima presha. Mimi nasema, yeye anaandika. Dada yako yuko shuleni na hajui.

Jana jioni amekuja kukaa kitandani kwangu akalia kama mtoto, akanisomea barua yako ya mwisho, na nikamwambia anieleze yaliyotangulia. Akanieleza yote. Ndiyo maana nakuandikia.

Dada yako amekosea. Kamera nilikupa mimi. Lilikuwa wazo langu, kwa sababu niliwaogopa wazazi wangu, na utu uzima wangu wote nilikuwa bado nataka kusifiwa kwao. Mama yako alinipinga. Tuligombana juu ya jambo hilo wiki nzima, hakuongea nami, chakula ananiwekea mezani anaondoka. Yeye alitaka ukae mbele, katikati, wakuone. Mimi nikakataa, na mwenye nyumba nilikuwa mimi.

Ile siku ya uani naijua. Aliniambia mwenyewe jioni, ili aniumize. Alikuambia wewe ndiye mtoto wake wa kwanza, kwamba hakuna mkanda wala mtu wa kubadilisha hilo, na kwamba yeye anakuona hata kama wengine hawakuoni. Ndipo ukamkumbatia. Hayo ndiyo maneno. Umeyatafuta sana, sasa unayo.

Dada yako alikuwa na miaka saba, alisikia nusu, na nusu nyingine ameijaza mwenyewe kwa kunipenda. Usimkatie undugu kwa hilo. Mkasirikie mwezi mmoja au miwili halafu umpigie simu. Hana mtu mwingine mimi nikiondoka.

Uliyoniambia makaburini yalikuwa haki yako, na sikuyaweka moyoni.

Tarehe 20 usihangaike kuja. Ni safari ndefu na kazi yako haina wa kukushikia. Watu watakuwa wachache, wataangalia diski, mimi nitasikiliza. Muuguzi anasema karatasi inaisha.

Mume wa mama yako